Kanga ya Safia, Jina la Habiba

Sehemu ya Tisa

Nyinyi mliolala vibaya wiki nzima kwa sababu ya lile komeo, nawapa pole. Lilikuwa komeo la nje kweli. Habiba aliusukuma mlango wa stoo kwa bega, akausukuma tena kwa mgongo, na mlango haukujali.

"Dada Safia! Fungua bwana, utani umezidi!"

Haukuwa utani. Nyayo za Safia, dada yake mkubwa, zilikuwa zimeshapotelea upande wa chumba cha bibi harusi, na mvua ilikuwa inapiga mabati ya Kaloleni kwa nguvu hata Habiba mwenyewe hakuisikia sauti yake vizuri. Ilikuwa Jumapili, saa tisa na nusu mchana. Saa kumi, watu wakishamaliza kuswali alasiri, alikuwa aolewe.

Kisha ikaja harufu.

Ilipenya chini ya mlango taratibu. Udi, halafu karafuu, halafu asumini iliyokaushwa. Udi huo huo Habiba alikuwa amejifukiza nao kwa miezi minane. Sasa kuna mtu mwingine, vyumba viwili kutoka pale alipo, anajifukiza nao.

Akakaa juu ya gunia la mchele.

Wewe uliyeokota gazeti hili kwa kinyozi na hujui tulikotoka, nikupitishe mbio mbio. Mwaka jana, mvua za Uhuru zilipolijaza ziwa mpaka likameza mashamba ya Dunga, Habiba, binti mdogo wa Mzee Abdulrahman muuza kanzu, alimvuta mwanamume kutoka majini. Mwanamume huyo hakuwa anazama. Alikuwa anatoka. Kwao ni huko chini, kwa watu ambao wavuvi huwataja kwa sauti ndogo. Alikuwa uchi, anatetemeka. Habiba akavua kanga begani akamfunika, akampa jina la Musa, na akampenda siku ile ile bila kungoja ushauri wa mtu.

Musa ana kasoro moja. Macho na masikio yake ni ya majini. Huku juu watu wote kwake ni vivuli, na sauti zote ni mvumo mmoja. Maneno anayashika, msemaji hamjui. Anachokijua ni harufu, na harufu aliyoikuta kwenye ile kanga ndiyo anayoiita Habiba.

Watu wake walimwachilia kwa sharti. Atamwoa mwenye nguo iliyomfunika, na neno la kukubali atalitamka mara moja tu. Akikosea, maji yatamfuata popote alipo, yamrudishe kabla ya magharibi, asitoke tena milele. Haya aliyajua Habiba peke yake, maana Musa alimnong'onezea yeye peke yake.

Sasa unaelewa kwa nini harufu hiyo imemkalisha msichana wa watu juu ya gunia.

Akainuka. Ukuta wa stoo ulipakana na jiko la nje, ambako Nabututu, mama wa Kibukusu aliyekodiwa kupika pilau, alikuwa anapambana na kuni mbichi.

"Mama Nabututu! Nifungulie!"

"Wewe Safia, lala!" Nabututu alifoka. "Tumeambiwa uko na tetekuwanga. Unataka uambukize sisi wote, na wageni ya Sondu ndio imefika?"

"Mimi si Safia! Mimi ni Habiba!"

Mwiko ukatulia ndani ya sufuria.

"Habiba ako kwa chumba ya bibi harusi. Nimempelekea chai saa hii na hii mikono yangu."

"Uliona uso?"

"Amejifunika. Bibi harusi anaonyesha nani uso?"

"Mama Nabututu, juzi ulipoteleza kisimani ukakaa kwa matope, na ukaniapisha nisiambie mtu, ulikuwa na nani?"

Halafu ikasikika sauti ya mtu anayepangusa mikono kwenye leso kwa hasira.

"Woi! Basi yule amekunywa chai yangu ni nani?"

"Ni dada yangu."

"Na kama uko na tetekuwanga kweli?"

"Sina!"

"Haya, hata mimi nilishaugua nikiwa mtoto. Toka mbali na mlango."

Pigo moja la mpini wa shoka, komeo likaanguka. Habiba akatoka mbio na vumbi lake la magunia na mafuta ya taa yaliyomwagikia gauni lake humo stoo. Hakumwambia hata asante.

Chumbani mwa bibi harusi, Safia alikuwa amekaa kitandani, mikono ina hina mpaka viwikoni, shela usoni, chetezo kimewekwa chini ya mikunjo ya gauni ili moshi umpande. Hakushtuka.

"Funga mlango," alisema. "Unanitolea moshi."

"Dada, unaniibia mume."

Safia akalifunua shela. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa moshi. "Hebu rudia, Habiba. Nani anamwibia nani?"

"Huo ni udi wangu!"

"Ni wa nani?"

Hapa, wasomaji wangu, lazima nikiri. Kwa wiki nane nimemsikiliza Habiba nikawaandikia alivyosema yeye. Kuna jambo sikuwaambia, kwa sababu hata mimi hakuniambia. Marehemu mama yao alipojua kwamba hatapona, aliwachanganyia binti zake udi kwa mkono wake, kila mmoja kopo lake la kukaa sandukuni kati ya nguo zake, wajifukize siku za harusi zao. La Habiba lilikuwa la liwa. La asumini lilikuwa la Safia.

"Miezi minane kopo langu linapungua," Safia alisema. "Nikafikiri ni panya. Panya gani anakula udi, Habiba?"

"Nilichukua kidogo tu."

"Kwa nini hukutumia wako?"

Habiba akakitazama chetezo.

"Nikwambie mimi? Uliutumia, mwezi wa Ramadhani, jioni ya futari. Musa akakupita pale ukumbini kama amepita nguzo. Mimi nilikuwa nimesimama na sinia la tende, nguo zangu zina asumini, akanijia mimi. Akanishika mkono, akaniita Habiba. Nikaona haya, nikakimbilia jikoni." Safia akakisogeza chetezo karibu. "Tangu siku ile silali. Kila nikipita anageuza shingo. Nawe unaniambia ooh dada, yule haoni vizuri, usimjali. Nimempenda, Habiba. Nimempenda hata kabla sijataka."

"Kwa hiyo unifungie stoo na magunia?"

"Baba anataka kukuoza wewe mdogo, mimi mkubwa nikiwa nimekaa. Watu wanauliza Safia ana nini. Nikaseme nini? Kwamba mume anayeolewa na mdogo wangu anapenda harufu yangu?"

"Anaoa, haolewi," Habiba alisema kwa ukali, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa shida. Wakati mwingine mtu akishindwa hoja hurekebisha maneno.

"Mimi ndiye niliyemtoa majini!" aliendelea. "Mimi nilimfundisha kuvaa viatu! Nani alimlisha dagaa wa omena mpaka akaacha kuogopa moto? Wewe ulifanya nini? Ulinuka vizuri tu!"

"Inaonekana inatosha."

Wacha nisiandike walivyoitana baada ya hapo, maana gazeti hili linasomwa na watoto. Yatosha kusema Nabututu, aliyekuwa ameegemea mlango kwa nje, aliziba masikio akarudi jikoni.

Ndipo Habiba akalitoa lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

"Unasema unampenda? Basi unamuua! Ziwa limempa sharti. Akimwoa asiye mwenye nguo, maji yatamchukua leo leo, kabla ya magharibi, na hutamwona tena!"

Safia alilirudia neno moja polepole.

"Mwenye nguo? Nguo gani?"

"Kanga niliyomfunika siku ile!"

"Kanga gani, Habiba? Ile nyekundu ya maua meupe? Ile uliyoianua kambani bila kuniuliza, na mpaka leo hujanirudishia?"

Habiba akakaa pembeni ya kitanda.

Alikuwa anajua. Namwonea huruma, lakini sitamficha tena. Alijua tangu siku Musa alipomwambia lile sharti. Usiku na mchana alikuwa amejiambia kwamba mwenye nguo ni aliyeivaa, kwamba mkono uliomfunika ndio unaohesabika, kwamba ziwa litajuaje mambo ya kamba ya nguo ya nyumba moja huko Kaloleni. Amejiambia mpaka akaamini. Sasa alipoisikia kanga ile ikitajwa kwa rangi na maua yake, imani yote ikamtoka.

"Dada..." alianza.

Nje ya pazia la mlango wa uani mtu akakohoa.

"Habiba, mwanangu." Alikuwa Mzee Abdulrahman, na nyuma yake mashahidi wawili, Bwana Yahya muuza chumvi na mwenzake. "Nimekuja kuchukua idhini yako."

Dada wawili wakatazamana, kila mmoja ameganda alipo.

Nyumba ile walifuata desturi kama walivyoikuta kwa wazee wao. Mwari halazimishwi kujibu mbele ya wanaume. Baba anauliza mara tatu kutoka nje ya pazia, na mwari akinyamaza, kunyamaza kwake ndiko kukubali. Anayesema ni yule anayekataa. Safia alikuwa ameijenga hila yake yote hapo. Hakuhitaji kuigiza sauti ya mdogo wake, alihitaji kuufunga mdomo tu.

"Habiba binti Abdulrahman, wanipa idhini nikuoze kwa Musa?"

Safia akanyamaza.

Habiba naye akanyamaza. Angeweza kusema, Baba, huyu si wangu, mwoze Safia. Maneno sita. Lakini aliona kwamba akikaa kimya tu, jina lake litaandikwa pembeni ya jina la Musa, na akashindwa kuliachia.

"Habiba, wanipa idhini?"

Hina ya Safia ilikuwa inadondoka kwenye shuka. Hakuna aliyepangusa.

"Habiba, mwanangu, mara ya tatu. Wanipa idhini?"

Kimya.

"Amekubali," Mzee alisema, na kwa sauti yake ulijua anatabasamu. Vigelegele vikapasuka nyumba nzima.

"Nimenyamaza na udi wangu," Safia alinong'ona. "Wewe umenyamaza na jina lako. Sasa anayeolewa ni nani?"

Ndipo akili ikamrudia Habiba. Musa alikuwa nje pale, amevaa kanzu aliyoshonewa na baba mkwe, anangoja kulitumia neno lake la pekee, na kila njia neno hilo lilikuwa linakwenda kombo. Akaondoka mbio.

Uani chini ya turubai kulikuwa na wanaume kama hamsini wamekaa mikekani. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee Abdulrahman alikuwa ameshika mkono wa Musa, na Maalim mfungisha ndoa alikuwa anamtamkisha Mzee polepole.

"Nimekuoza binti yangu Habiba..."

"Ngojeni!"

Shingo hamsini ziligeuka. Msichana kichwa wazi, nywele zina vumbi, gauni linanuka mafuta ya taa, kasimama katikati ya wanaume.

Musa naye akageuza uso. Alivuta pumzi, kama anavyofanya akitaka kumjua mtu. Habiba aliyaona matundu ya pua yake yakitafuta, yakakosa.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Aliuliza kwa adabu, kama unavyouliza jina la mgeni ili umkaribishe. Habiba alikuwa amemshika mkono mtu huyu akimfundisha kushuka ngazi. Alikuwa amekaa naye siku nzima nzima akimtajia vitu, kijiko, kuku, Jumatatu. Miezi minane, na bila asumini ya dada yake hakuwa kitu kwake, si hata mtu wa kukumbukwa kwa mbali.

"Wewe msichana, jibu mbele ya watu," Maalim alisema. "Wewe ni nani?"

"Si ni ule wa tetekuwanga?" mtu mmoja wa nyuma alinong'ona, na safu ya mbele yote ikarudisha mikeka nyuma hatua mbili.

Hapo Habiba akapata wazo, na wazo lenyewe likaonekana zuri, kama yanavyoonekana mawazo ya mtu aliyeumia. Nyuma ya pazia yuko mwenye kanga. Pua ya Musa inamtaka huyo. Akiwa yeye hapa ni Safia, basi yule kule ndani ni Habiba, na Musa atampata mwenye nguo bila baba kuaibika na bila mgeni kurudi Sondu na habari za kusambaza. Atapotea yeye peke yake. Musa atabaki nchi kavu.

"Mimi ni Safia," alisema.

Maalim akamgeukia mwenye nyumba. "Mzee, ni kweli?"

Mzee Abdulrahman alimtazama bintiye. Mzee huyu haoni vivuli. Watoto wake anawajua hata kwa kupiga chafya. Aliona ni Habiba, na aliona pia wageni hamsini, na pilau, na bibi harusi aliyevunja pazia akaja kusimama kati ya wanaume. Bibi harusi aliyetoka mbio ni fedheha ya miaka. Dada mgonjwa aliyepandwa na homa watu watamsahau kesho.

"Ni Safia," alisema, na sauti yake haikuwa na tabasamu tena. "Homa imempanda kichwani. Endelea, Maalim."

Mkono ukashikwa upya. Musa akauelekeza uso wake kwenye pazia, kule asumini ilikokuwa inatoka, na akalitamka neno lake kwa sauti ya mtu aliyejizoeza sana.

"Nimekubali kumwoa Habiba binti Abdulrahman."

Habiba alilisikia jina lake likienda. Aliuma mdomo, akafurahi. Kweli alifurahi, jamani, kwa muda kama wa kukunja mkeka mmoja, kwa sababu alidhani amemwokoa.

Viatu ndivyo vilivyotangulia kuondoka.

Wanaume walikuwa wamevivua pembeni ya mikeka, na sasa makubazi ya Bwana Yahya yalikuwa yanaelea kuelekea ukutani. Mtu akacheka. Kisha akaangalia juu, akaona mvua haipo.

"Maji imeingia kwa geti!" Nabututu alipiga kelele kutoka jikoni. "Inatoka kule chini! Inapanda kilima!"

Yalikuwa maji safi, baridi, na hayakuwa na haraka. Yaliupita mfereji bila kutumbukia. Yalipita kati ya mikeka bila kuilowesha. Yakamfikia Musa yakamzunguka, yakaanza kupanda. Maalim alirukia benchi huku ameshika kitabu chake. Mzee Abdulrahman alisimama hatua moja tu kutoka kwa mkwe wake, na soksi zake zilikuwa kavu.

Habiba akaelewa, na akaelewa amechelewa. Kanga ilikuwa ya Safia. Neno lilikuwa limemtaja Habiba. Aliyelipotosha si Safia wala si baba. Ni yeye, kwa maneno matatu, na alikuwa anafikiri anafanya wema.

"Nimekosea nini?" Musa aliuliza. Maji yalikuwa magotini. "Maalim, nimesema vibaya?"

Maalim alibaki juu ya benchi. Wengine walikuwa wameshafika barabarani.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Mpaka magharibi zilibaki saa mbili na dakika chache. Maji yakafika kiunoni, kanzu nyeupe ikavimba ikamzunguka, na kwa mara ya kwanza tangu atoke ziwani Musa alionekana kuogopa. Akaunyosha mkono kuelekea kwenye pazia.

"Habiba!" aliita. "Habiba, mke wangu, njoo unishike!"

Pazia halikutikisika. Safia alikuwa kimya huko ndani, kama alivyonyamaza mara tatu.

"Habiba!"

Na Habiba, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwenye mkono ule, alikuwa ameshawaambia watu hamsini kwamba yeye si Habiba.